Vigae vya aljebra: njia tatu kwenye meza moja

"Mwalimu, kwenye mtihani tutumie ipi?"

Swali hilo naulizwa kila mwaka nikifika kwenye milinganyo ya kipeo cha pili, ile yenye x², na kwa miaka tisa nililijibu vilevile: vigawo (mabano mawili yanayozidishana) vikionekana upesi, tafuta vigawo, visipoonekana, kamilisha mraba, ukikwama, kanuni ya jumla ipo. Jibu hilo si la uongo. Kasoro yake niliiona siku nilipowaita wanafunzi watatu ubaoni, nikawapa mlinganyo mmoja, x² + 6x + 5 = 0, kila mtu na njia yake. Wote watatu walipata −1 na −5, na darasa likaanza kunong'ona kwa mshangao. Walishangaa kwamba majibu yamelingana. Kwao hizo zilikuwa mada tatu zilizokaa kurasa tofauti za daftari, na hakuna aliyetegemea zikutane.

Ndiyo sababu nilinunua vigae vya aljebra, na hiyo ndiyo mizani nitakayovipimia hapa. Kwamba vinafurahisha sina shaka, watoto hupenda chochote kinachoshikika. Ninachotaka kujua ni kama vinamwezesha mwanafunzi kuiona njia moja ndani ya nyingine.

Kwa asiyevijua, vigae hivi vina maumbo matatu tu. Upo mraba mkubwa wenye upande wa x, kwa hiyo eneo lake ni x². Upo mstatili mwembamba wenye urefu wa x na upana wa 1, eneo lake ni x. Sisi darasani tunauita ufito. Na upo mraba mdogo wa 1 kwa 1. Upande mmoja wa kigae ni chanya, kila umbo na rangi yake, na upande wa pili ni mwekundu kwa maumbo yote, huo ndio hasi. Sanduku langu lina seti 15, na kila seti ina vigae 35: miraba mikubwa 3, fito 12 na miraba midogo 20. Darasa lina wanafunzi 41, kwa hiyo meza 11 zilikaliwa na watatu watatu, na meza 4 na wawili wawili.

Kabla hujalipia sanduku lolote, fanya kipimo kimoja. Panga miraba midogo kando ya ufito uone inafika wapi. Sanduku la kwanza nililonunua, ambalo nililirudisha, ufito wake ulikuwa sawasawa na miraba midogo mitano. Kipindi hakikufika robo, nusu ya madaftari yalikuwa yameandikwa x = 5. Nisingeweza kuwalaumu, maana kigae chenyewe kiliwaambia hivyo. Kwenye sanduku ninalolizungumzia sasa, midogo mitano haifiki mwisho na sita inapitiliza. Aliyelitengeneza alikusudia. x inatakiwa iwe urefu ambao huwezi kuuhesabu kwa moja moja, la sivyo unafundisha kuhesabu vipande vya plastiki, aljebra hujaigusa.

Sasa kazi yenyewe. Nilianza na mlinganyo uleule uliowashangaza. Agizo langu lilikuwa moja: chukueni mraba mkubwa mmoja, fito sita na midogo mitano, mniundie mstatili usio na tundu. Sikusema lolote kuhusu vigawo. Baada ya kuhangaika kidogo, meza nyingi zilikuwa na umbo lilelile: fito tano zimeegemea upande mmoja wa mraba mkubwa, ufito mmoja upande wa pili, na kwenye kona midogo mitano imejipanga mstari. Nikawauliza urefu na upana. Wakasoma x + 5 na x + 1. Hapo tukaandika (x + 5)(x + 1), na mara hii ile kauli ya "tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata 5 na ukizijumlisha unapata 6" ikapata mahali pa kukaa. Kuzidisha ni kona. Kujumlisha ni fito. Mwanafunzi aliyekariri kauli hiyo mwaka mzima aligusa kona kwa kidole na kusema, "Kumbe tano ni hii."

Agizo la pili: vigae vilevile, bila kuongeza wala kupunguza, mniundie mraba.

Haiwezekani, na uzuri wa kazi uko hapo hapo. Ili pande zilingane, fito lazima zigawanywe tatu huku na tatu kule. Kona inayobaki wazi inataka midogo 9, nao wanayo 5. Kuna pengo la 4. Nikawaomba waandike walichokiona: mraba wa upande x + 3, ila umepungukiwa na 4. Wengi waliandika (x + 3)² − 4 bila mimi kutaja kukamilisha mraba. Hatua ambayo ubaoni huonekana kama mazingaombwe, ile ya kuchukua nusu ya 6, kuizidisha kwa yenyewe, kuiongeza kisha kuitoa, mezani ni mtu anagawa fito pande mbili na kuangalia kona.

Kilichofuata sikukipanga. Kwenye meza ya nyuma kijana ambaye huongea kwa nadra alikuwa anarudisha mraba kuwa mstatili, kisha mstatili kuwa mraba, mara kadhaa. Akainua mkono. "Mwalimu, kutoka tano na moja kwenda tatu na tatu nimehamisha fito mbili. Na zinazokosekana ni nne. Mbili mara mbili." Nikamuuliza kama anadhani ni bahati. Akasema hajui. Nikaligeuza swali kuwa la darasa zima. Wakajaribu x² + 8x + 12: mstatili ni x + 6 kwa x + 2, kufika nne na nne unahamisha mbili, kona inataka 16, pengo 4. Wakajaribu x² + 8x + 7: unahamisha tatu, pengo 9. Wakajaribu x² + 10x + 9: unahamisha nne, pengo 16. Kipindi kiliisha kengele ikiwa haijasikika na mtu.

Ninaomba niseme hili polepole kwa walimu wenzangu, maana kwangu ndilo lililolipia sanduku zima. Pengo ni mraba wa fito ulizohamisha. Kwa hiyo x² + 6x + 5 ni (x + 3)² toa 2². Hiyo ni tofauti ya miraba miwili, mada ambayo tulikuwa tumeimaliza muhula uliopita na kuifunga. Tofauti ya miraba miwili ina vigawo vyake: (x + 3 − 2) na (x + 3 + 2), yaani x + 1 na x + 5. Tumerudi kwenye mstatili. Na ukitaka majibu ya mlinganyo, simama kwenye −3, piga hatua mbili kulia na mbili kushoto: −1 na −5. Vigawo vinakupa miisho miwili, mraba unakupa katikati na ukubwa wa hatua. Habari ni ileile, imesomwa kutoka sehemu mbili tofauti.

Kipindi cha pili nilitumia fito nne tu. Meza nyingine zilipewa midogo mitatu, nyingine minne, nyingine mitano, zote zijaribu kuunda mraba. Wenye mitatu walikuwa na pengo la 1. Wenye minne mraba wao ulitimia. Wenye mitano walijaza kona na kubaki na kigae kimoja kisicho na mahali, wakaniuliza kama nimekosea kuhesabu. Nikawaambia wakishikilie hicho kigae mkononi tuchore grafu za y = x² + 4x + 3, y = x² + 4x + 4 na y = x² + 4x + 5 kwenye mhimili mmoja. Grafu ya kwanza inashuka hadi −1, ya pili inagusa mstari wa x, ya tatu inaishia juu yake kwa 1. Msichana mmoja akanyanyua kile kigae na kusema kwamba hiki ndicho kinachozuia grafu isifike chini. Sijawahi kulieleza jambo hilo vizuri hivyo. Mraba wowote ukiuongezea 1 hauwezi kuwa sifuri, kwa hiyo mlinganyo ule hauna jibu kwenye namba halisi. Pengo, kutimia, ziada: majibu mawili, jibu moja, hakuna jibu. Miaka yote nilikuwa nalifundisha kama kanuni ya ishara ya kile kilichomo ndani ya kipeuo cha kanuni ya jumla, mstari mmoja wa kukariri.

Halafu midogo miwili, x² + 4x + 2. Hakuna meza iliyopata mstatili, na niliwaacha wahangaike kwa makusudi. Pengo lipo, ni 2, lakini 2 si mraba wa namba kamili, kwa hiyo hakuna idadi ya fito nzima unayoweza kuhamisha. Hatua ni kipeuo cha pili cha 2, na kigae hakikatiki hivyo. Kumbe ndiyo maana vigawo wakati mwingine "havionekani". Lile jibu langu la miaka tisa lilikuwa na sababu ambayo sikuwahi kuitoa. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza atumie njia ipi, namwambia kwanza atafute pengo. Likiwa 9 au 16, vigawo vipo. Likiwa 2 au 7, asipoteze muda kuvisaka.

Kanuni nayo ilijitokeza kwa maneno kabla ya herufi. Meza moja iliandika: "nusu ya fito, mraba wake, toa midogo." Hilo ndilo pengo. Kipeuo chake ndicho hatua. Tukaweka b na c mahali pa fito na midogo, tukapata x = −b/2 ± √((b/2)² − c), na mkono ulioandika ubaoni haukuwa wangu.

Vigae vina mipaka, na ni vyema kuijua kabla. Wa kwanza ni pale namba iliyo mbele ya x² isipokuwa 1. Kuunda mstatili wa 2x² + 7x + 3 ni rahisi, unatoka 2x + 1 kwa x + 3. Lakini jaribu mraba: miraba mikubwa miwili haiundi mraba, na fito saba hazigawiki nusu kwa nusu. Dawa ni kuzidisha kila kitu kwa 8, upate 16x² + 56x + 24, ambao ni (4x + 7)² wenye pengo la 25. Hiyo 25 ndiyo 49 − 24, yaani b² − 4ac ya kwenye kanuni kamili, a ikiwa ndiyo namba iliyo mbele ya x². Wazo linapendeza mno, ila linahitaji miraba mikubwa 16 na seti ina 3. Hapo tuliweka vigae kando tukachora visanduku kwenye daftari, na nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Picha ilikuwa imeshaingia kichwani.

Mpaka wa pili ni namba hasi, na hapa sivisifii vigae hivi. Kwa x² − x − 6 lazima ujaze nafasi kwa jozi za sifuri, yaani ufito chanya na ufito mwekundu vinavyofutana: mraba mkubwa, fito chanya mbili, fito nyekundu tatu, midogo myekundu sita. Inafanyika. Wanafunzi wangu waliifanya. Lakini nilipowauliza mstatili wenye upande wa x − 3 unaonekanaje, hakuna aliyenipa jibu la kuridhisha, kwa sababu urefu ulio mezani ni x na vitatu, rangi tu ndiyo imebadilika. Wanafuata sheria ya rangi kama walivyokuwa wakifuata sheria ya ishara. Kwa hasi natumia jedwali la kuchora la visanduku vinne, ambalo halidai kuwa eneo la kweli.

Sasa kijitabu kilichomo sandukuni. Kina sura nne: kufungua mabano, vigawo, kukamilisha mraba, milinganyo. Kila sura ina picha zake na mazoezi yake, na nimekagua kurasa zote, hakuna zoezi hata moja linalojitokeza kwenye sura mbili. Linanisikitisha sana hilo. Mtu ameshika mkononi kifaa kinachounganisha mada hizi, kisha akaandika maelekezo yanayozitenganisha upya, kila moja kwenye chumba chake. Ukikifuata kijitabu, baada ya wiki tatu utakuwa na wanafunzi wanaojua kupanga vigae kwa namna nne na bado wanashangaa majibu yakilingana. Kiache humo sandukuni. Chagua mtajo mmoja, kama x² + 6x + 5, ukae nao vipindi viwili, uupitishe kwenye njia zote huku vigae vikiwa havijaondoka mezani.

Niliwasimulia pia kwamba kazi hii si mpya. Katika karne ya 9, Baghdad, al-Khwarizmi alitatua tatizo ambalo leo tungeliandika x² + 10x = 39 kwa kuchora. Hakuwa na alama za x wala ishara ya usawa, aliandika yote kwa maneno. Mraba, mistatili miwili yenye upana wa 5 pande mbili, kona tupu ya 25. Ongeza 25 kwenye 39 upate 64, upande mzima ni 8, x ni 3. Neno lenyewe aljebra linatokana na al-jabr, kurudisha au kuunga, neno ambalo Waarabu walilitumia pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Wanafunzi walipanga vigae kufuata maelezo yake, halafu wakagundua kwamba kwa kanuni yao linatoka pia −13. Al-Khwarizmi hakulitaja, maana alikuwa akishughulika na urefu wa kweli. Mjadala uliozuka hapo, nani yuko sahihi na kwa nini, ulikula dakika zangu zote za masahihisho na siujutii.

Kwa mwenye kufundisha madarasa ya chini, neno moja tu: panga 23 × 14 kwa umbo hilohilo. 20 na 3 upande mmoja, 10 na 4 upande wa pili, vyumba vinne: 200, 80, 30, 12, jumla 322. Kisha panga (2x + 3)(x + 4) pembeni yake. Mwanafunzi aliyeona mpangilio huo mapema hatasahau zile fito za katikati, yaani hataandika kwamba (x + 3)² ni x² + 9.

Upande wa vifaa. Plastiki ni nene na haijapinda, kingo zinakaa sawa, na mpaka sasa hakuna kigae kilichovunjika. Kelele ni kubwa, meza 15 zikimwaga vigae kwa pamoja utasubiri. Nimeanza kutandika karatasi nene chini. Kugawa na kukusanya kunachukua dakika 10 za kipindi, zihesabu kwenye mpango wako. Fito ni za kijani, na mwanafunzi wangu mmoja hatofautishi kijani na nyekundu, kwa hiyo kwake ufito chanya na ufito hasi ni kitu kimoja. Nilikaa jioni moja na kalamu isiyofutika nikachora alama ya kutoa kwenye kila upande mwekundu, vigae vyote 525. Mtengenezaji angeweza kuichapa kiwandani. Midogo nayo inapotea: tulianza na 300, mwisho wa muhula nilihesabu 271.

Kama bajeti yako inatosha seti moja tu ya kuonyesha mbele ya darasa, usinunue. Lile swali la kuhamisha fito mbili lilitoka kwa kijana aliyezihamisha yeye mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Kata vigae kwa karatasi ngumu, hakikisha ufito haulingani na idadi kamili ya midogo, na wape wote.

Mimi nimeagiza seti tano zaidi ili karibu wote wakae wawili wawili, na mfuko wa miraba midogo ya akiba.